Lena Horne: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukitaja jina la Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, wengi hukumbuka picha moja tu: mwanamke mrembo aliyevaa gauni linalometameta, kasimama kando ya nguzo, anaimba. Picha ni ya kweli, lakini imezaa maneno mengi yasiyo ya kweli. Itazame tena vizuri: katika vipande vile vya filamu hazungumzi na mtu, wala hakuna anayezungumza naye.

"Alikuwa nyota mkubwa wa filamu miaka ya 1940"

Jina lilikuwa kubwa, nafasi zilikuwa finyu. Alipata mkataba na studio ya MGM mwaka 1942, na mwaka uliofuata zikatoka filamu mbili zilizompa uhusika hasa, *Cabin in the Sky* na *Stormy Weather*. Zote zilikuwa na waigizaji wakuu weusi. Hiyo ya pili wala haikuwa ya MGM. Studio ilimwazimisha kwa 20th Century Fox.

Kwingine kote alikuwa mgeni wa dakika chache. Mlango unafunguka, Lena anaingia, anaimba wimbo mmoja, makofi, anatoka, kisha hadithi ya wazungu inaendelea kana kwamba hakupita mtu. Haikuwa bahati mbaya. Kipande kinachojitegemea hukatika kirahisi. Filamu zilipofika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako walikuwapo wakaguzi na wenye kumbi ambao hawakutaka kumwona mwanamke mweusi aliyependeza vile asiyebeba sinia, mkasi ulipita na mtazamaji hakujua kama kuna kilichopungua. Mimi naliona hilo kuwa la kikatili kuliko kunyimwa kazi moja kwa moja: kazi yako inapangwa tangu mwanzo iweze kuondolewa.

Hata *Cabin in the Sky* haikusalimika. Kulikuwa na wimbo alioimba akiwa ndani ya bafu lenye povu, nao ukaondolewa kabla filamu haijatoka.

"Alikuwa mweusi wa kwanza kupewa mkataba Hollywood"

Hapana. Nina Mae McKinney alisaini na MGM hiyohiyo mwaka 1929. Upya wa mkataba wa Lena ulikuwa kwenye masharti. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, alitaka awe mfano wa mwigizaji mweusi asiyecheza mtumishi wala mtu wa porini. Baba yake, Teddy Horne, mtu wa kamari aliyejua kuvaa, alifunga safari hadi ofisini kwa Louis B. Mayer, bosi wa studio, akamweleza kwamba yeye mwenyewe ana uwezo wa kumwajiri binti yake mtumishi, kwa hiyo haoni sababu ya binti kwenda kuigiza utumishi.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwenye ushindi. Lakini baadhi ya waigizaji weusi walimkasirikia, maana hizo nafasi za watumishi ndizo zilizowalipia kodi ya nyumba. Aliyempokea na kumtia moyo ni Hattie McDaniel, aliyepata Oscar kwa kuigiza mtumishi.

"Alitaka kujipitisha kama si mweusi"

Wenye biashara ndio waliotaka. Alishauriwa ajitambulishe kama Mlatino, akakataa. Studio nayo ikaona rangi yake haionekani nyeusi vya kutosha kwenye kamera, ikamtafutia kipodozi cha Max Factor kilichopewa jina la "Misri isiyokolea". Kisha kipodozi kilekile kikapakwa waigizaji wa kizungu ili wacheze nafasi za machotara.

Mwaka 1946, katika *Till the Clouds Roll By*, Lena aliimba kwenye kipande kilichotolewa katika mchezo wa *Show Boat* akiwa Julie, mwanamke chotara. Filamu kamili ya *Show Boat* ilipotengenezwa mwaka 1951, Julie akawa Ava Gardner. Wapo wanaosema sauti inayosikika humo Gardner akiimba ni ya Lena. Si yake, ni ya Annette Warren.

"'Stormy Weather' ni wimbo wake"

Ulikuja kuwa wake alipouimba kwenye ile filamu ya jina hilo. Harold Arlen na Ted Koehler waliutunga, na aliyeutambulisha ni Ethel Waters katika klabu ya Cotton Club, mtaa wa Harlem, New York, mwaka 1933. Mwaka huohuo Lena aliajiriwa klabuni hapo, binti wa miaka 16, akicheza kwenye safu ya wasichana wa nyuma.

"Siasa aliziingia baada ya kupata jina"

Alikuwa na umri wa miaka miwili picha yake ilipotoka kwenye jarida la NAACP. Bibi yake, Cora, ndiye aliyemwandikisha uanachama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akitumbuiza kwenye kambi ya jeshi jimboni Arkansas, aliona mateka wa Kijerumani wameketi mbele ya wanajeshi weusi wa Marekani. Akashuka jukwaani, akawapita Wajerumani, akawaimbia weusi akiwapa mateka mgongo. Mwaka 1950 jina lake lilichapishwa katika *Red Channels*, kijitabu cha walioshukiwa ukomunisti, na milango ya filamu na televisheni ikafungwa kwa miaka.

Kilichomlisha ni jukwaa. Rekodi yake ya mwaka 1957 kutoka hoteli ya Waldorf-Astoria iliuzwa vizuri sana, na mwaka huohuo akawa nyota wa *Jamaica*, mchezo wa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho jijini New York.

"Alimalizika na Hollywood"

Kati ya 1970 na 1971 alifiwa na baba, mwana na mume. Mwaka 1980 akatangaza kustaafu. Mei 1981, akikaribia miaka 64, alirudi Broadway na onyesho lake, *The Lady and Her Music*, likachezwa mara 333.

Humo aliimba "Stormy Weather" mara mbili kwa usiku mmoja. Ya kwanza aliiimba kama binti wa kwenye filamu, taratibu, sauti imetulia. Ya pili aliiweka karibu na mwisho, na hapo hakukuwa tena na nguzo wala mtu wa kumkata.