War Department Halt hakikujengwa kwa ajili ya Vita vya Pili

Kituo hiki cha treni cha jeshi kilichoachwa, kwenye reli ndogo ya Romney, Hythe na Dymchurch huko Kent, Uingereza, husemwa kilijengwa kumkabili Hitler. Tarehe zinakataa. Reli yenyewe, yenye upana wa milimita 381 tu, ilifunguliwa Julai 1927. Tawi lililochepuka hapo lilihudumia vioo vya sauti vya Denge, vilivyojengwa kati ya 1928 na 1930: mabakuli mawili ya zege, ya mita 6 na mita 9, na ukuta uliopinda wa mita 61.

Zege lilikusanya mlio wa ndege za adui zikiwa bado mbali, askari akausikiliza kwa maikrofoni. Na vilifanya kazi, wanaovicheka wasidanganyike. Kilichoviangusha ni mwendo wa ndege. Sauti ya kutoka kilomita 24 hufika baada ya sekunde 70 hivi. Ndege ya kilomita 400 kwa saa huwa imeshasogea karibu kilomita 8, zikabaki dakika mbili na ushei kabla haijafika. Hapo hujataja kelele za upepo na meli. Rada, iliyojaribiwa 1935, ikavipiku.

Wakati wa vita jeshi liliitwaa reli na kupitisha treni ya deraya iliyovutwa na injini Hercules; huenda ndiyo iliyozaa uvumi huu.