Machozi katika tiba ya saikedeliki: dhana na ukweli

Dhana: dawa za saikedeliki, yaani zinazobadilisha fahamu na hisia kwa muda, hutibu kwa kumpa mgonjwa raha.

Wengi hudhani mwenye sonona akipewa silosaibini, kemikali iliyomo katika aina fulani za uyoga, hufurahi saa kadhaa kisha huamka amepona. Sivyo. Mgonjwa hulala huku macho yake yakiwa yamefunikwa, muziki ukipigwa, na wataalamu wawili wakiwa kando yake kwa saa sita hivi. Mara nyingi kinachoibuka ni msiba ambao hakuwahi kuulilia, au hofu aliyoikwepa miaka mingi. Akilia, hakuna anayembembeleza anyamaze. Pengine hushikwa mkono tu, kama walivyokubaliana kabla. Kwangu mimi, kilio hicho ni sehemu ya tiba yenyewe, na kukihesabu kama dosari ya dawa ni kumwonea mgonjwa.

Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliripoti kuwa siku moja baada ya dozi ya silosaibini, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia, iliitikia zaidi picha za nyuso zenye hofu na zenye furaha. Kinyume chake, dawa nyingi za kawaida za sonona hupunguza mwitikio wa sehemu hiyo.

Dhana: anayeteseka zaidi ndiye anayepona zaidi.

Hii inanitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu inahalalisha kumwacha mtu azame. Utafiti mwingine wa chuo hichohicho, uliohusu wagonjwa 20, ulionyesha kuwa hofu kubwa wakati wa dawa iliendana na nafuu ndogo. Linalosaidia ni mtu kuukabili uchungu mpaka ukaachia. Ndiyo maana hufanyika vikao vya maandalizi ili awaamini walio naye, na vingine baadaye vya kuyachambua yaliyojitokeza.

Dhana: moyo ukishafunguka, kazi imekwisha.

Katika jaribio la watu 233 lililochapishwa mwaka 2022, dozi ya silosaibini ya miligramu 25 ilipunguza sonona zaidi ya ile ya miligramu 1 katika wiki tatu za mwanzo, lakini kwa wengi nafuu haikudumu hadi wiki ya 12. Wapo pia waliopata mawazo ya kujiua.

Dhana: unaweza kujitibu mwenyewe nyumbani.

Hapana. Majaribio haya kwa kawaida huwakataa wenye historia ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhusiano na uhalisia. Hata Australia, iliyoruhusu tiba hii Julai 2023, dawa huandikwa tu na daktari wa akili mwenye kibali maalumu.