"Mdudu ameizoea dawa": hapana, hakuizoea

Wiki hii nimelisikia tena pale dirishani maabara, na safari hii halikutoka kwa mgonjwa. Alikuwa daktari kijana mwenye majibu mawili ya kidonda kimoja mkononi. La kwanza: bakteria Enterobacter cloacae, antibiotiki ya seftriaksoni S, yaani inamuua. La pili, baada ya siku sita za sindano: seftriaksoni R, yaani sugu. "Mama, ama mlikosea mwanzo, ama mdudu ameizoea dawa." Hatukukosea, na mdudu hakuzoea chochote.

Neno hili "kuzoea" linanichosha kwa sababu linafunga vitu viwili katika furushi moja: kuwashwa kwa jeni na kubadilika kwa jeni.

Tuanze na kuwashwa. Enterobacter huyu anazaliwa na jeni ya ampC, ya kimeng'enya kinachovunja penisilini na sefalosporini nyingi. Siku za kawaida protini ya AmpR imeikalia, unakili (kuisoma jeni ili kimeng'enya kitengenezwe) ni wa kudonoadonoa. Dawa ikivuruga ujenzi wa ukuta wa seli, vipande vya ukuta vinajaa ndani, vinamshika AmpR, na AmpR yule yule aliyekuwa anazuia anageuka kuwa msukumaji wa unakili. Bakteria hajui kama kuna dawa. Anachopima ni kifusi cha ukuta wake mwenyewe.

Hili linaonekana kwa macho. Pandikiza bakteria huyu kwenye sahani, weka diski ya antibiotiki ya sefoksitini jirani na ya nyingine, seftazidimi, acha ilale kwenye inkubeta. Asubuhi utakuta duara la seftazidimi, lile eneo tupu ambamo bakteria hawakuota, limebonyea upande mmoja tu, ule unaotazamana na sefoksitini. Pale ampC imewashwa, kimeng'enya kimeila dawa ya jirani. Ondoa dawa, kifusi kinapungua, jeni inazimwa. Herufi za DNA hazijaguswa.

Sasa kubadilika. Katika mamilioni ya bakteria waliomo kwenye usaha, wapo wachache wenye hitilafu kwenye jeni ya ampD, ambayo kazi yake ni kukatakata kile kifusi. Kwao kifusi hakimaliziki, kwa hiyo ampC inawaka usiku na mchana, dawa iwepo isiwepo. Hawa walikuwepo kabla ya sindano ya kwanza. Seftriaksoni huwasha ampC kwa unyonge, hivyo inawaua wengi kabla hawajajikinga na kuwaachia uwanja hao wachache. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi.

Wala si habari mpya. Kwamba wenye usugu huwepo kabla ya shambulio, wanasayansi Luria na Delbrück walilionyesha kwa hesabu mwaka 1943. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walibonyeza kitambaa cha mahameli juu ya sahani yenye bakteria, wakakihamishia kwenye sahani zenye antibiotiki ya streptomaisini. Makoloni sugu yalichomoza sehemu zile zile kila sahani, na chimbuko lao lilikuwa kwenye sahani ambayo haijawahi kuonja dawa. Miaka yote hiyo, na bado naambiwa "wamejifunza"!

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Mwili wangu umezoea antibiotiki." Mwili wako haumo. Usugu ni wa bakteria, na anaweza kumwambukiza jirani yako ambaye hajameza kidonge hata kimoja.

"Bakteria ni kiumbe duni, jeni zake zinafanya kazi muda wote." E. coli, bakteria wa utumbo, ana jeni 4,300 hivi. Akizinakili zote kwa pamoja atakufa njaa. Wanasayansi Jacob na Monod walieleza mwaka 1961 jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, kwa operoni ya lac (kundi la jeni za kutumia sukari ya laktosi), na wanafunzi wangu hukariri nusu yake: "laktosi ikiwepo, operoni inawaka." Weka na glukosi uone. Glukosi inazuia laktosi kuingia na inashusha cAMP, molekuli ndogo ya kupeleka ishara, na bila cAMP protini ya CAP haiwezi kumsaidia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili jeni. Laktosi itasubiri.

Daktari wangu aliuliza swali zuri kabla hajaondoka: tukisimamisha seftriaksoni, watazima? Wale wenye swichi nzima, ndiyo. Wale wenye hitilafu ya ampD, hapana, na sasa ndio waliojaa kwenye kidonda. Kwa hiyo ukiona Enterobacter cloacae kwenye maambukizi mazito, usiiamini ile S ya seftriaksoni. Njoo dirishani tuzungumze kuhusu sefepimi, antibiotiki nyingine. Na sampuli, jamani, iletwe kabla ya dozi ya kwanza.