Pwagu na Pwaguzi, Laurel na Hardy: nani hasa anayechekesha?

Kila nikianza mazoezi na waigizaji wapya, swali huwa lile lile: "Mwalimu, mimi nitakuwa mchekeshaji au yule mwingine?" Miaka yote hii ya kuongoza vichekesho vya jukwaani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba awe yule mwingine. Sisi tunamwita anayepokea. Mwenzake anatupia neno au kituko, yeye anapokea kwa uso, kwa mguno, kwa kunyamaza.

Wachekeshaji wa Marekani wa zamani walijua thamani ya anayepokea mpaka kwenye malipo. Bud Abbott na Lou Costello walipokuwa wakizunguka kwenye majumba ya maonyesho, Abbott alichukua asilimia 60 ya fedha, Costello 40. Abbott ndiye aliyekuwa anapokea, yule mtu mkavu asiyecheka. Wanene wa kuanguka walipatikana kirahisi. Wa kupokea vizuri walitafutwa kwa tochi. Umaarufu wa filamu ulipokuja, mgawo ukageuzwa.

Lakini wawili ninaowaweka juu ya wote ni Stan Laurel na Oliver Hardy. Ukitaka kujua kwa nini, tafuta The Music Box ya mwaka 1932, filamu fupi iliyopata Oscar. Kisa chenyewe unakimaliza kwa sentensi moja: watu wawili wanapandisha piano kwenye ngazi ndefu za nje, huko Los Angeles. Inaporomoka. Wanaipandisha tena. Inaporomoka tena. Wakishafika juu kabisa, tarishi anawaambia kwamba kulikuwa na barabara ya gari upande wa pili. Unadhani watafanya nini? Wanaishusha piano yote mpaka chini, wanaipakia kwenye mkokoteni, halafu wanaipitisha barabarani.

Huwa nawawekea wanafunzi filamu hii na kuwakataza kutazama piano. Mtazameni Hardy, nawaambia. Kitu kikishamwangukia, hapigi kelele papo hapo. Anatulia, anageuza shingo polepole, anatutazama sisi kupitia kamera, kama mtu aliyefedheheshwa na mdogo wake mbele ya wageni. Ukumbi unaangua kicheko hapo, wakati piano imeshanyamaza zamani. Laurel ni mjinga aliyeridhika na ujinga wake. Hardy ni mjinga anayejiona mwalimu, na ndiyo maana kila pigo linamuuma mara mbili: mwilini na kwenye cheo. Ajabu ni kwamba nje ya kamera mambo yalikuwa kinyume. Laurel ndiye aliyekesha kwenye utunzi wa vituko na uhariri, mwenzake akienda zake kucheza gofu.

Kwetu mpangilio huu una jina tangu kabla ya sinema: pwagu hupata pwaguzi. Radio Tanzania Dar es Salaam iliuchukua msemo huo ikawapa watu wawili, na waliolelewa na redio ya mkulima wanajua walivyovunja mbavu. Redioni kupokea ni kazi ngumu zaidi, maana huna uso wa kumwonyesha mtu. Una pumzi tu, na kimya. Na kimya kikizidi kidogo msikilizaji anadhani betri zimekwisha.

Kenya walikuwa na Vitimbi, kichekesho cha televisheni. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo kiasi kwamba wengi hawakuamini alikotoka. Sifa zilimwendea yeye. Mimi humtazama Mama Kayai. Ojwang' anaingia na uongo wake, mkewe anamwacha aupambe mpaka umkabe mwenyewe, kisha anamuuliza kaswali kamoja tu. Bila lile swali, uongo wa mzee ungebaki uongo.

Makundi ni hesabu nyingine. Ze Comedy, waliohama EATV wakawa Orijino Komedi pale TBC1, walikuwa na Joti, Masanja, Mpoki na wenzao. Mmoja akipoa, mwingine anaokota mpira. Nawapenda sana, ila kwenye kundi kuna pa kujificha. Wawili mkikosana pumzi, jukwaa zima linaona.

Pumzi hiyo waliipata King Majuto na Sharo Milionea, wote watu wa Tanga. Majuto peke yake alikuwa fujo tupu. Akisimama na Sharo, mwenye nywele na mwendo wa kisharobaro, ghafla mkongwe anageuka anayepokea: baba anayeshindwa kuelewa kijana huyu ametokea sayari gani. Kwa mtu aliyekuwa na jina kubwa kuliko mwenzake, kukubali nafasi hiyo ni ukarimu ambao siuoni kila siku. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012. Majuto alimfuata Agosti 2018.

Hardy naye alikufa Agosti 1957. Laurel aliishi miaka saba na nusu zaidi, huko Santa Monica, namba yake ikiwa kwenye kitabu cha simu ili yeyote ampigie. Kuigiza alikataa kabisa. Kuandika hakuacha: aliendelea kutunga vituko vipya, na vyote vilikuwa vya Laurel na Hardy.