Kupanga Bajeti ya Familia Huku Mkilipa Madeni

Familia nyingi zinazolemewa na madeni si za wabadhirifu. Hulipa marejesho bila kukosa kwa miezi minne au mitano, kisha ada ya shule inafika, bima inaisha muda wake au paa linaanza kuvuja. Kwa kuwa hakuna fedha iliyotengwa kwa ajili hiyo, mkopo mpya unachukuliwa, na deni lililokuwa limeanza kupungua linapanda tena. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza namna ya kulipa madeni haraka, familia ijiulize itazuia vipi mkopo unaofuata. Mpango wa kulipa unaoruka swali hilo huvunjika hata pale ambapo hesabu zake ni sahihi.

Orodha ya madeni yote

Kaeni pamoja mkiwa na karatasi moja. Kwa kila deni andikeni jina la mkopeshaji, salio la leo (si kiasi mlichokopa mwanzoni), riba na jinsi inavyokokotolewa, rejesho la chini kabisa linalokubalika, tarehe ya kulipa, adhabu ya kuchelewa, na kilichowekwa dhamana au aliyewadhamini. Msiache mikopo ya simu, bidhaa zilizochukuliwa kwa malipo ya awamu, mkopo wa kikundi, mshahara uliochukuliwa mapema wala fedha za ndugu. Deni la ndugu halina riba, lakini lisipoandikwa hudaiwa ghafla, na mara nyingi katika mwezi mbaya kuliko yote.

Deni ambalo mwenza mmoja amelificha huharibu bajeti kuliko riba yoyote, kwa sababu fedha ya kulilipa itatoka mahali fulani, na mahali hapo ni jikoni au kwenye marejesho mengine. Kikao cha kwanza kiwe cha kuorodhesha tu. Mjadala wa nani alikopa na kwa nini uachwe kwa siku nyingine, la sivyo orodha haitakamilika.

Kwenye safu ya riba, kuweni waangalifu. Asilimia ileile inaweza kuwa na gharama mbili tofauti. Chukueni mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikikokotolewa kwenye mkopo wote wa mwanzo, mtalipa 24,000 kila mwezi hadi mwisho, jumla 288,000, ingawa sehemu kubwa ya deni mlikwisha kuirudisha. Ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, jumla ya riba ni karibu 162,000. Kwa maneno mengine, ile asilimia 2 ya kwanza ni sawa na karibu asilimia 3.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Mwombeni mkopeshaji ratiba ya marejesho inayotenganisha riba na deni la msingi (fedha yenyewe mliyokopa, bila riba) kwa kila mwezi. Ratiba ikionyesha riba ileile tangu rejesho la kwanza hadi la mwisho, mmejua mko upande upi.

Mikopo ya muda mfupi huwa na "ada" badala ya riba. Ibadilisheni iwe asilimia. Mkopo wa 50,000 kwa siku 30 wenye ada ya 4,500 ni asilimia 9 kwa mwezi. Mkilipa ada tu na kuusogeza mbele mara sita, mtakuwa mmetoa 27,000 na bado mnadaiwa 50,000 yote.

Mapato, kisha gharama zinazojificha

Andikeni fedha inayofika mkononi baada ya makato yote. Kama kipato hupanda na kushuka, angalieni miezi 12 iliyopita na mpange kwa wastani wa miezi mitatu iliyokuwa dhaifu zaidi. Mwezi mzuri ukija, ziada yake igawanywe kati ya akiba na deni. Bajeti inayotegemea mwezi mzuri hukwama mwezi wa kawaida ukifika, na hapo ndipo simu ya mkopo inapofunguliwa.

Kwa matumizi, msikadirie kwa kichwa. Pitieni taarifa za benki na za simu za miezi mitatu, kisha mwandike kila fedha taslimu inayotoka kwa wiki nne. Makadirio ya kichwani karibu kila mara huwa chini ya matumizi halisi, hasa kwenye nauli, vocha, ada za miamala na vitu vidogo vya nyumbani.

Baada ya hapo fanyeni kazi ambayo wengi huiruka. Chukueni kalenda ya mwaka mzima na mwandike gharama zote zisizo za kila mwezi: ada na sare za shule, bima, leseni, kodi za mwaka, matengenezo ya nyumba au chombo cha usafiri, sikukuu, michango ya harusi na misiba. Jumlisheni, mgawanye kwa 12. Tuseme ada ni 180,000 mara tatu kwa mwaka, bima 120,000, matengenezo 90,000, sikukuu na michango 150,000. Jumla ni 900,000, yaani 75,000 kila mwezi. Hiyo 75,000 si akiba wala fedha ya ziada, ni bili ya kila mwezi ambayo haijaletewa karatasi. Iwekeni kwenye akaunti au pochi ya simu tofauti na ile ya matumizi. Ikikaa pamoja na fedha ya jikoni italiwa, hata na watu wenye nidhamu.

Mkianza katikati ya mwaka, mgawanyo wa 12 hautatosha kwa gharama iliyo karibu. Kama ada ya 180,000 inatakiwa baada ya miezi mitatu, kwa ada hiyo tengeni 60,000 kwa mwezi hadi ilipwe, hata kama itabidi deni lipate rejesho la chini tu katika kipindi hicho. Kukawia kulimaliza deni la zamani kwa miezi mitatu kuna gharama ndogo kuliko kukopa upya kwa ajili ya ada.

Pembeni ya hiyo jengeni akiba ndogo ya dharura. Kuna hoja ya haki kwamba si busara kuweka akiba isiyozaa huku deni likitozwa riba. Kihesabu ni kweli. Lakini familia isiyo na chochote ikiuguliwa usiku itachukua mkopo ulio karibu, na huo huwa wa riba kubwa kuliko yote. Kiasi kinachotosha chakula, nauli na dawa kwa wiki mbili kinatosha kuanzia. Kikifika hapo, simamisheni akiba na kuelekeza ziada kwenye deni.

Siku fedha inapoingia

Gaweni fedha siku hiyohiyo. Kwanza makazi, chakula, dawa, umeme, maji na nauli ya kwenda kutafuta riziki. Pili, marejesho ya mikopo yenye dhamana ya nyumba, kiwanja au chombo cha kazi, pamoja na ile yenye mdhamini, kwa sababu kuikosa kunagusa paa lenu au mali ya mtu mwingine. Tatu, marejesho ya chini ya madeni mengine. Nne, fedha ya kalenda na akiba. Kinachobaki ndiyo ziada ya kuharakisha deni. Mwezi fedha isipotosha hadi ngazi ya nne, msilipe ya tatu kimyakimya nusunusu. Fuateni utaratibu ulioelezwa chini kuhusu kuzungumza na mkopeshaji.

Tarehe nazo huleta hasara bila kelele. Rejesho linalodaiwa tarehe 20 wakati mshahara huingia tarehe 28 huzaa adhabu au mkopo mdogo wa kuzibia pengo kila mwezi. Wakopeshaji wengi hukubali kusogeza tarehe mkiomba mapema kwa maandishi. Fedha ya chakula ni bora itolewe kwa wiki. Ikitolewa yote mwanzoni, wiki ya nne ndiyo inayoteseka.

Kupunguza matumizi kunahitajika, ila anzeni na yale makubwa yanayojirudia: kodi ya nyumba, usafiri, vifurushi, huduma mnazokatwa bila kuzitumia. Kila mtu mzima abakiwe na kiasi kidogo asichotolea maelezo. Bajeti inayombana mtu hadi senti ya mwisho humfundisha kuficha.

Lipi limalizwe kwanza

Njia yenye gharama ndogo zaidi ni kulipa rejesho la chini kwenye madeni yote, kisha ziada yote iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko mengine. Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo kwa ajili ya kutiwa moyo. Tunapendekeza riba iongoze, isipokuwa pale ambapo deni dogo linaweza kumalizwa ndani ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu kulifunga kunaachia rejesho lake lifanye kazi kwingine.

Hapo ndipo penye nguvu ya mpango wote. Tuseme familia ina madeni matatu: la kwanza 60,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, rejesho la chini 10,000; la pili 500,000 kwa asilimia 4, rejesho 30,000; na la tatu 1,200,000 kwa asilimia 1.5, rejesho 60,000. Riba zote ni za salio linalopungua. Imepata ziada ya 25,000, kwa hiyo inatoa 125,000 kila mwezi. Deni la kwanza likipata 35,000 linaisha ndani ya miezi miwili. Hiyo 35,000 ikihamia kwenye deni la pili, rejesho lake linakuwa 65,000, nalo linaisha miezi tisa baadaye. Sasa deni la tatu linapata 125,000 yote na kumalizika baada ya miezi sita. Jumla ni miezi 17. Familia hiyohiyo ikilipa marejesho ya chini tu, deni la pili peke yake lingechukua miezi 28, na la tatu miezi 24.

Mpango huu huharibika kwa jambo moja: rejesho lililoachiwa linapoanza kutumika nyumbani. Kwa hiyo mwezi deni linapofungwa, badilisheni agizo la malipo siku hiyo hiyo, kabla fedha haijazoeleka.

Rejesho dogo mno nalo lina hatari yake. Kwa deni la 500,000 la asilimia 4, riba ya mwezi wa kwanza ni 20,000. Anayelipa 22,000 anapunguza deni kwa 2,000 tu, atalipa kwa zaidi ya miaka mitano na kutoa jumla ya karibu 1,345,000. Anayelipa 30,000 atatoa karibu 840,000, na wa 40,000 karibu 707,000 kwa miezi 18. Ongezeko dogo la mwanzo lina thamani kubwa sana kwa sababu lote huenda kwenye deni la msingi.

Mnapolipa zaidi ya rejesho, mwandikieni mkopeshaji kwamba ziada ipunguze deni la msingi. Msiposema, huenda ikahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao, na riba isipungue. Ulizeni pia kama kuna tozo ya kulipa mapema. Kwa mkopo ambao riba yake imekokotolewa kwenye kiasi chote cha mwanzo, kulipa mapema kunaweza kusiokoe kitu kama mkataba hauna punguzo. Hapo ziada iende kwenye deni jingine.

Fedha isipotosha

Nendeni kwa mkopeshaji kabla ya tarehe kupita, mkiwa na bajeti yenu na kiasi halisi mnachoweza kulipa. Mnaweza kuomba kipindi cha nafuu (muda wa kusimamisha au kupunguza marejesho), kupangiwa upya ratiba, au kufutiwa adhabu. Ulizeni kama riba inaendelea kukua katika kipindi cha nafuu, kwa kuwa mara nyingi huendelea. Kurefusha muda hupunguza rejesho la mwezi lakini huongeza jumla ya riba, hivyo ombeni urefu mnaouhitaji tu. Makubaliano yote yawe kwa maandishi. Msiahidi kiasi cha kumridhisha ofisa, maana ahadi ya pili ikivunjwa mlango hufungwa. Mdhamini naye ajulishwe mapema, asije akaipata habari kwa barua ya madai.

Kuunganisha madeni kuwa mkopo mmoja kunafaa iwapo jumla yote mtakayolipa, pamoja na ada za kufungua, bima ya mkopo na tozo za kufunga ya zamani, ni ndogo kuliko jumla ya sasa. Linganisheni jumla, rejesho dogo la mwezi linaweza kuwa limetokana na muda mrefu tu. Fedha hiyo ilipwe moja kwa moja kwa wakopeshaji wa zamani, na akaunti zile zifungwe siku hiyo. Zikiachwa wazi, baada ya mwaka familia hujikuta na mkopo mpya mkubwa pamoja na ile ya zamani iliyorudi. Msiweke dhamana ya nyumba kwa madeni ambayo mwanzoni hayakuwa na dhamana yoyote.

Deni likiisha

Chukueni barua ya kuthibitisha kwamba salio ni sifuri, hati zilizowekwa dhamana, na maandishi ya kumwachilia mdhamini. Hakikisheni makato ya mshahara au ya benki yamesitishwa, kwani huweza kuendelea mwezi mmoja au miwili zaidi, na kudai kurudishiwa fedha hiyo huchukua muda. Baada ya mwezi mmoja hivi, ombeni taarifa yenu kwa taasisi inayotunza kumbukumbu za mikopo na mwangalie kama deni limeandikwa kuwa limefungwa. Likiwa bado linaonekana hai, pelekeni nakala ya ile barua na mwombe marekebisho kwa maandishi. Barua yenyewe muitunze, kwa kuwa madai ya deni lililokwisha kulipwa yanaweza kuibuka hata miaka kadhaa baadaye.