Kazi ya maji sio kufungua koki: dhana ninazozisikia kila basi la shule likipaki getini kwetu

Jumanne nimeisikia tena. Basi la shule limepaki getini kwenye mtambo wetu wa maji, watoto wanashuka waje kutembelea, mama mmoja aliyekuja kuwasindikiza akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu wangu yeye ni wa sayansi, anataka udaktari, nimemleta tu asikose cha wenzie, haya mambo ya ufundi bomba sidhani kama atayahitaji." Nikaishia kusema sawa mama, karibu sana. Ila mi niko maabara ya maji mwaka wa 11 sasa, na hiyo sentensi nimeshaambiwa na wazazi, na walimu, na hata shemeji yangu mwenyewe mezani kwangu akila wali wangu. Kwa hiyo leo naiandika, wakija tena nawatumia linki.

"Kazi ya maji ni ufundi bomba, na ufundi bomba ni wa aliyefeli."

Hii ndo inayonichosha kuliko zote. Kwanza fundi bomba mwenyewe amekukosea nini? Anayeunga bomba kubwa la plastiki kwa moto likafukiwa na lisivuje anajua kazi kukuzidi wewe unayemcheka. Alafu hebu fuata maji yenyewe toka yanapotoka. Tanzania tuna mabonde ya maji 9, na mitoni kule kuna mtu anasoma kipimo cha kina cha mto asubuhi na jioni, kuna mwingine ofisini anageuza hizo namba kuwa jibu la swali moja zito, kiangazi mto huu utaweza kutoa kiasi gani. Kama ni kisima, kabla mashine ya kuchimba haijafika kuna mtaalamu wa maji ya ardhini anapitisha umeme kwenye udongo asome miamba iliyoko chini. Kwenye mtambo una opareta, fundi umeme, fundi wa pampu, mkemia. Kwenye mtandao una mtu wa ramani, mtu wa dira (mita za maji), mtu anayetafuta mivujo usiku kwa fito ya chuma, ncha moja kwenye bomba nyingine sikioni, maana usiku ndo mji umetulia na mvujo unasikika. Dar sehemu kubwa ya maji yake inatoka mto Ruvu, mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu milioni 196. Sa we fikiria hayo maji yote yanasafishwa na mtu anayefungua koki?

Ila tatizo sio wazazi peke yao, tatizo ni hizi trip zenyewe zinavyofanywa. Watoto 120, foleni moja, mtu wa mahusiano anaongea mbele na wa nyuma hasikii kitu, wanaona matenki makubwa ya zege, wanapiga picha, wanakula maandazi na juisi, wanarudi. Mtoto akiulizwa nyumbani umeona nini atasema nimeona maji mengi. Hapo dhana ya ufundi bomba umeiacha pale pale ilipokuwa, tena umeichomea nauli.

Mi wangu huwa nawaanzishia kwenye bika, zile glasi za maabara. Naweka bika sita za lita moja moja, maji ya mto ya masika, rangi ya chai ya maziwa. Shabu (ndio, ile ile shabu bibi zetu walikuwa wanazungusha kwenye mtungi) nimeshaiyeyusha, wao wanapima kwa bomba la sindano, bika ya kwanza miligramu 10, ya pili 20, hivo hivo mpaka ya sita 60. Wanakoroga haraka dakika moja, alafu pole pole kama robo saa, alafu tunaacha vitulie nusu saa. Kabla ya kutulia nawauliza, ipi itakuwa safi zaidi? Karibu wote wanasema ya sita, si ndo ina dawa nyingi.

Siku moja binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa amechuchumaa macho usawa wa meza. Kwenye bika ya nne aliona tope limeanza kushikana, vidonge vidogo kama pamba iliyochambuliwa vinashuka taratibu, juu maji yanabaki meupe kabisa. Ya sita ilikuwa na ukungu. Akaniambia mwalimu umekosea kupanga, hizi mbili zimebadilishana. Nikamwambia rudia. Akarudia na wenzie wawili, ikatoka vile vile. Hapo sasa ndo nikawaeleza, chembe za udongo zina chaji hasi zote kwa hiyo zinasukumana haziwezi kushikana, shabu inaleta chaji chanya zinatulizana zinaungana, ila ukizidisha unazigeuza zote kuwa chanya na zinaanza kusukumana upya, na juu ya hapo shabu nyingi inashusha pH, yaani maji yanakuwa na asidi zaidi. Yule binti hakusema kitu kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo mnapima kila siku?" Nikamwambia mvua ikinyesha milimani usiku, tunapima usiku. Amekuja kuniuliza maswali mengine matatu mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Hiyo ni kemia ambayo mtoto wa kidato cha pili anaifuata. Na yule mama wa mtoto wa sayansi asijali, daktari na mimi tunawatibu watu wale wale, mimi nawawahi tu kabla hawajaumwa.

Kingine, na hapa naomba walimu mnisikilize, kila mtoto aje na chupa ya nusu lita ya maji ya kwao. Bomba, kisima, simtanki, ya muuza madumu, yoyote, aandike tu imetoka wapi. Tunatumbukiza kidonge cha kupimia klorini, kama klorini ipo maji yanageuka pinki, ukifananisha rangi na kadi unapata kiwango, tunatafuta iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita pale yanapomfikia mtumiaji. Mara ya mwisho nusu ya chupa hivi hazikugeuka rangi kabisa. Watoto wakageukiana, kwenu vipi, kwetu pia. Ya visima sikushangaa, hayajawahi kutiwa klorini toka mwanzo, ila kulikuwa na ya bomba pia yaliyokaa kwenye simtanki juu ya paa siku nyingi, joto na uchafu wa tenki vimeshaila klorini yote. Kuna mtoto alisema kwa sauti "leo baba anapanda kuosha tenki" na mi nadhani alipanda kweli. Hapo nawapa na hesabu, tenki la lita 100,000, unataka dozi ya miligramu 2 kwa lita, poda yako ina klorini asilimia 65, pima gramu ngapi? (Ni kama 308, na ukisahau ile 65 unaweka 200 unawapa watu maji yenye dawa pungufu.) Mwalimu wa hesabu mwenyewe alitoa simu.

Sasa zilizobaki nazipitisha haraka maana zamu yangu inaanza saa nane.

"Lazima twende mtambo mkubwa mjini." Hapana. Kama shule iko kijijini nenda kwenye pampu ya jumuiya ya watumia maji, kuanzia 2019 RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) ndo wenye jukumu la maji vijijini na hizo jumuiya ziko chini ya usimamizi wao, omba ruhusa tu. Pampu ya sola na tenki moja na daftari la makusanyo lina mafunzo kuliko matenki 10 unayoyaona kwa mbali. Mtoto ajaze ndoo ya lita 20 ahesabu sekunde, ameshapima mtiririko.

"Majitaka hapana, utawatia watoto magonjwa." Wasiguse, wavae buti, wanawe na sabuni, basi. Pale kwenye mabwawa ya kutibu majitaka hakuna hata mashine kubwa, ni jua, mwani na bakteria wanakula uchafu kwa siku nyingi, bwawa la kwanza linatisha na la mwisho lina ndege wametulia. Na hapo ndo penye upungufu wa watu wa kujitolea kusomea, kila mtu anataka majisafi.

"Wasichana hawafai, kazi za mitaro." Nimeshachoka kulijibu hili. Bosi wangu wa zamu ni mwanamke, fungueni valvu ya inchi 12 kwa mashindano naye tuone.

"Akisomea maji atasubiri ajira ya serikali mpaka azeeke." Hapa kidogo mna hoja, sitawadanganya, nafasi zikitangazwa waombaji ni wengi kweli. Ila mamlaka za maji sio mwajiri peke yake. Viwanda vya bia na soda, vya maji ya chupa, mahoteli, kampuni za kuchimba visima. Na yule wa udaktari asikie hii, mgonjwa mmoja wa kusafishwa damu kwa mashine, kwa masaa manne tu, anatumia lita kama 120 za maji yaliyosafishwa kuliko ya kunywa, na kuna fundi wa maji nyuma ya ule ukuta. Njia ya kuingilia ipo, Chuo cha Maji kipo pale Ubungo toka 1974, kidato cha nne anaanza na cheti, diploma, mpaka digrii, kuna kozi za visima, za maabara, za haidrolojia (elimu ya mito na mvua), sio mabomba tu.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa kibinafsi: msije Wiki ya Maji, ile ya tarehe 16 mpaka 22 Machi, kila mtu anakuja, kuna mahema na hotuba na mi sina hata bika ya kuwapa. Njooni Aprili mvua imechafua mto, shabu inaonyesha kazi yake. Na mkifika msidai meneja, ombeni opareta aliyetoka zamu ya usiku, yule ana stori.

Jana mwalimu mmoja kanipigia ana watoto 140. Nikamwambia 20. Tumevutana wee, tumekutana kwenye 35, na chupa 35.