Mtoto Aombe Vyuo Vingapi? Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Maombi ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Kila ifikapo Septemba, katika nyumba za wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani, iwe ni Wakongomani wa Louisville, Wakenya wa Minneapolis au Watanzania wa Houston, mtoto aliyeingia darasa la kumi na mbili huulizwa swali moja na kila mjomba na shangazi anayepiga simu: umeomba vyuo vingapi? Mzazi aliyesoma Afrika Mashariki hana uzoefu wa kumsaidia mtoto kulijibu, kwa kuwa yeye alikulia katika utaratibu uliokwisha kumwamulia. Nchini Kenya, anayetaka kupangiwa chuo na serikali hupitia KUCCPS, chombo cha kuwapangia wanafunzi vyuo, huorodhesha kozi anazozitaka kwa kufuata kipaumbele chake, kisha alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, zikasema. Nchini Tanzania, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ilisimamia udahili wa pamoja kuanzia 2010 hadi ulipoachwa mwaka 2017, na hata sasa, ambapo waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, aliyechaguliwa na vyuo viwili hutakiwa athibitishe kimoja. Marekani hakuna anayempangia mwenzake. Kila chuo kina fomu zake, masharti yake, tarehe zake na vigezo ambavyo vingine havitangazwi, na katika pengo hilo ndimo dhana potofu zinamostawi.

Dhana: anayeomba vyuo vingi zaidi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata.

Hii ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, na inastahili kujibiwa kwa utulivu kwa sababu imejengwa juu ya hesabu iliyo sahihi. Chuo kinachopokea waombaji 5 katika kila 100 kinamnyima mwombaji kwa uwezekano wa 0.95. Ukizidisha 0.95 kwa yenyewe mara 20 unapata takriban 0.36. Basi, husemwa, anayeomba vyuo 20 vya aina hiyo ana uwezekano wa asilimia 64 wa kupata angalau kimoja, na nani angeikataa bahati nasibu yenye uwezekano huo?

Kosa halimo katika kuzidisha, limo katika sharti la kuzidisha. Kanuni hiyo hufanya kazi pale tu ambapo kila jaribio halihusiani kabisa na lililotangulia, kama mtu anayerusha dadu mara ishirini. Vyuo ishirini, kinyume chake, husoma faili lile lile: alama zile zile za miaka minne, barua zile zile za walimu, insha kuu ile ile. Ikiwa mwanafunzi hakusoma hisabati ya ngazi ya juu iliyokuwa ikifundishwa shuleni kwake, upungufu huo utaonekana na wasomaji wote ishirini, na sababu iliyofanya chuo cha kwanza kimkatae ina nguvu ileile katika cha kumi na tisa. Tena ile asilimia 5 ni wastani wa waombaji wote, wakiwamo wanamichezo walioitwa na makocha na, katika baadhi ya vyuo, watoto wa waliosoma hapo, ambao hupokelewa kwa kiwango cha juu zaidi. Mwombaji asiye na njia hizo huenda yuko chini ya wastani huo hata kama ni mwanafunzi hodari.

Hata hivyo si kweli kwamba idadi haina maana yoyote. Vyuo hutofautiana katika mahitaji ya mwaka husika: kimoja kinatafuta wanafunzi wa kilimo, kingine kinataka watoto kutoka majimbo ambayo hakiyafikii, kingine kimempoteza mpiga tarumbeta wa bendi yake. Kwa hiyo kuomba vyuo vigumu vitatu ni busara kuliko kuomba kimoja. Faida huonekana wazi katika maombi machache ya mwanzo, kisha hupungua haraka, na kuanzia hapo kinachoongezeka ni kazi.

Kazi yenyewe si ndogo. Katika Common App, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, insha kuu huandikwa mara moja, isizidi maneno 650. Lakini vyuo vingi vinavyochagua kwa ukali huongeza maswali yao, na swali linalopendwa mno ni kwa nini mwombaji anakitaka chuo hicho. Vyuo 15 vyenye insha mbili mbili ni insha 30, zinazoandikwa kati ya Septemba na Desemba na kijana ambaye bado ana mitihani, mechi na pengine kazi ya jioni. Nimewahi kuombwa kupitia insha za mtoto wa jirani yetu, nikakuta katika insha ya chuo cha kumi na moja jina la chuo cha nne, pamoja na sifa za maktaba ambayo haiko katika mji huo. Hakuwa mvivu, alikuwa amechoka.

Dhana: kuwa na chuo kimoja cha uhakika kunatosha, na chuo cha uhakika ni kile kinachopokea karibu kila mtu.

Wazazi wengi wameshausikia ushauri wa kugawanya orodha mafungu matatu: vyuo ambavyo mtoto atapokelewa bila shaka, vyuo vinavyolingana na kiwango chake, na vyuo vya kubahatisha. Ugawaji huo ni mzuri. Tatizo liko katika neno uhakika, ambalo karibu kila mara hupimwa kwa upande mmoja tu, upande wa kupokelewa. Chuo kinachompokea mtoto kwa furaha na kuiachia familia pengo la dola 18,000 kwa mwaka si chuo cha uhakika; ni mlango uliofunguliwa kwenye nyumba isiyolipika. Ili chuo kiitwe cha uhakika, mtoto awe na hakika ya kupokelewa, familia iwe na hakika ya kulipa, na mtoto mwenyewe awe tayari kwenda huko bila kujiona ameadhibiwa. Sharti la tatu hupuuzwa sana na wazazi, nalo ndilo huwarudisha baadhi ya vijana nyumbani kabla ya mwaka kwisha.

Hakika ya kulipa inaweza kutafutwa kabla ya kuomba. Tangu Oktoba 2011, sheria ya shirikisho inavitaka vyuo vinavyoshiriki katika misaada ya serikali kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi, ambapo familia huingiza kipato na idadi ya watu nyumbani, kisha hupata makadirio ya kitakachobaki baada ya ruzuku. Saa moja mbele ya kikokotoo hicho huondoa kwenye orodha vyuo kadhaa vilivyoonekana rahisi, na huleta vingine vilivyoonekana vya matajiri. Harvard, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2025 kwamba familia zenye kipato kisichozidi dola 200,000 na mali za kawaida hazitalipa ada ya masomo, na zile zilizo chini ya dola 100,000 hazitalipa hata malazi na chakula. Berea College ya Kentucky haimtozi mwanafunzi yeyote ada ya masomo. Badala yake kila mmoja hufanya kazi chuoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni rahisi kuingia, lakini vinaonyesha kuwa bei iliyoandikwa na bei inayolipwa ni vitu viwili tofauti.

Upande wa kupokelewa, baadhi ya majimbo yameondoa kubahatisha. Kwa sheria ya mwaka 1997, mwanafunzi wa Texas aliyemaliza katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake hupokelewa moja kwa moja na vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, ingawa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kimeruhusiwa kizingiti kikali zaidi, na kupokelewa na chuo si kupokelewa katika kozi kama uhandisi. Idaho ilianza mwaka 2015 kuwajulisha wanafunzi wake mapema vyuo vilivyo tayari kuwapokea kwa kutazama alama tu, na Minnesota imefuata njia hiyo. Mtoto aliye katika jimbo la namna hiyo, ambaye ameridhika kusoma karibu na nyumbani, anaweza kuomba vyuo vitatu tu na asiwe amefanya uzembe wowote. Vilevile vyuo vya jamii vya miaka miwili hupokea takriban kila mwenye cheti cha sekondari, na majimbo kadhaa yana makubaliano ya kuwahamishia wanafunzi wao katika vyuo vikuu vya umma.

Dhana: ada za maombi ndizo zinazopanga idadi.

Ada nyingi za maombi ni kati ya dola 50 na 90, na kwa familia yenye watoto wanne hiyo ni pesa. Lakini mwanafunzi anayepata chakula cha shule bure au kwa bei iliyopunguzwa anastahili msamaha wa ada ndani ya Common App, kwa kuweka alama kwenye kisanduku kimoja na mshauri wa shule kuthibitisha. Chuo Kikuu cha California (UC), chenye kampasi kadhaa, husamehe ada ya kampasi hadi nne kwa wanaostahili. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa kifedha wa serikali ya shirikisho, ni bure na siku hizi huweza kupelekwa vyuo hadi 20 kwa mara moja. CSS Profile, fomu nyingine ya msaada wa kifedha inayotakiwa na baadhi ya vyuo binafsi, ni bure kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 100,000. Kinachoadimika katika nyumba nyingi si ada ya kuomba, ni muda na mtu wa kuuliza.

Dhana: Common App inaruhusu vyuo 20, kwa hiyo 20 ndiyo idadi inayotarajiwa.

Ishirini ni ukomo wa mfumo, si ushauri. Katika miaka ya karibuni mwombaji wa wastani wa Common App amepeleka maombi kati ya sita na saba. Zaidi ya hayo, kuhesabu maombi kama mtu anayehesabu mbuzi hupotosha, kwa sababu maombi hayana uzito sawa. Chuo Kikuu cha California (UC) kina kampasi tisa za shahada ya kwanza na fomu moja: mwanafunzi hujibu maswali manne kati ya manane, kila jibu lisizidi maneno 350, na majibu hayo hayo huenda kampasi zote alizochagua. Anayeomba kampasi tano za huko amefanya kazi ndogo kuliko anayeomba vyuo viwili binafsi vyenye insha nne nne.

Mimi nikilazimishwa kutaja idadi kwa mwanafunzi wa kawaida anayehitaji msaada wa kifedha, nitasema saba hadi tisa: viwili vya uhakika kwa maana niliyoieleza, vitatu au vinne vya kiwango chake, na viwili au vitatu vya kubahatisha. Mpangilio ni muhimu kuliko jumla. Orodha ianzie chini, na chuo cha kubahatisha kisiandikwe kabla vile viwili vya uhakika havijapatikana. Familia nyingi hufanya kinyume, zikianza na majina yanayojulikana hadi kijijini, kisha vyuo vya uhakika vikatafutwa usiku wa kuamkia mwisho wa kupokea maombi.

Dhana: vyuo vitajua kwamba mtoto ameomba kwingine na vitakasirika.

Common App haikionyeshi chuo majina ya vyuo vingine, na FAFSA iliacha kufanya hivyo miaka kadhaa iliyopita. Jambo moja tu hubadilisha picha: maombi ya mapema yanayomfunga mwombaji, ambayo kwa kawaida hupelekwa Novemba mosi na kujibiwa katikati ya Desemba. Hayo huombwa katika chuo kimoja tu, husainiwa na mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule, na akipokelewa hutakiwa kuondoa maombi mengine yote, isipokuwa msaada wa kifedha ukiwa hautoshi. Kwa familia inayotaka kulinganisha ruzuku za vyuo mbalimbali, kujifunga hivyo ni kununua gari kabla ya kuuliza bei kwa muuzaji wa pili. Na anayejifunga asisubiri jibu ndipo aandike maombi mengine, kwa sababu kutoka jibu la Desemba hadi Januari mosi kuna takriban wiki mbili, nazo ni za sikukuu.

Dhana: kanuni ni zile zile kwa mtoto anayeomba akiwa Nairobi au Dar es Salaam.

Hapa tofauti ni kubwa. Raia wa kigeni anayeomba kutoka nje hapati msaada wa serikali kupitia FAFSA, na vyuo vingi vya umma havina ruzuku ya kutosha kumlipia. Katika vyuo vingi binafsi, kuomba msaada kunapunguza uwezekano wa mgeni kupokelewa. Vyuo visivyotazama uwezo wake wa kulipa wakati wa kuchagua ni vichache, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na vyote vinakataa takriban kila mtu. Kwa kijana wa namna hiyo orodha ya vyuo kumi au kumi na viwili inaeleweka, mradi kila chuo kimeingia kwa sababu ya sera yake ya ufadhili kwa wageni, na mradi maombi ya vyuo vya nyumbani yanaendelea sambamba. Ofisi za EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kuwashauri wanaotaka kusoma huko, zilizoko Nairobi na Dar es Salaam hutoa ushauri huo bila malipo, kwa hiyo wakala anayedai pesa ili kuongeza idadi ya vyuo anauza kitu kinachopatikana bure.

Kuna dhana nyingine inayozaliwa Machi, majibu yanapofika: kwamba mwenye barua tisa za kupokelewa ameshinda kuliko mwenye mbili. Katika sherehe za mahafali za jamii zetu barua hizo husomwa moja baada ya nyingine kwa makofi. Zinachotakiwa kufanyiwa kabla ya Mei mosi, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu, ni kulazwa mezani, kuondoa mikopo katika kila hesabu ya msaada ili ibaki ruzuku peke yake, na kuandika kando ya kila jina kiasi ambacho nyumba italipa kwa mwaka. Amana hulipwa katika chuo kimoja tu, na mara nyingi karatasi hiyo huacha majina mawili au matatu ya kujadiliwa.